Saini Yangu Kwanza

Fomu imerudi, Saumu, kama barua ya mdai.
Wewe ulisaini Jumapili, mimi nikasaini Jumanne,
na wale wa ofisi kule Birmingham hawataki
mtoto amtangulie mama hata kwa siku mbili.
Nilicheka peke yangu jikoni, birika likichemka,
mvua ya Preston ikipapasa dirisha
kama mteja asiye na miadi.

Basi tuanze upya. Kalamu nyeusi. Nipishe.

Miaka thelathini na moja nimesuka vichwa vya watu
katika chumba hiki cha mbele.
Nimeshika utosi wa manesi, wa maharusi,
wa yule dereva wa basi aliyesinzia kila nikigusa kisogo,
na wote nikiwaambia: akili ni nywele,
kila mtu ana zake.
Sikuwaambia kwamba nywele huanza kukatika pembeni,
na mwenyewe haoni. Huona anayemsuka.
Wewe umeona.
Umeona funguo ndani ya kopo la unga.
Umenisikia nikimwita mwanao kwa jina la kaka yangu
mara mbili, na mara ya tatu akaitika.

Doreen wa nyumba ya pili ndiye shahidi wa akili yangu.
Alivua viatu mlangoni, akakuomba utoke.
Ulikaa kwenye ngazi, nikisikia pumzi zako.
Akavaa miwani, akasoma polepole kama anayesoma chupa ya dawa:
Unajua unampa nini? Kuna mtu amekulazimisha?

Saumu, swali hilo nimelisubiri tangu Tanga.
Siku ya ndoa niliulizwa nyuma ya pazia.
Nikanyamaza. Shangazi akanifinya.
Mashahidi wakarudi ukumbini: amekubali.
Sisemi baba yako alikuwa mume mbaya.
Nasema ukimya wangu ulisomwa na wengine,
wakausoma wapendavyo.

Itakuja siku ninyamaze tena, wala hapatakuwa na pazia:
patakuwa na daktari kijana, na kitanda cha vyuma,
na ukimya wangu katikati yao
kama kitambaa kisicho na mwenyewe.
Usimwachie mtu aukate nguo yake.

Kwa hiyo andika.
Kiingereza kikinitoka, nitabaki na hiki.
Nikisema naenda haja, wasiniletee orodha ya vyakula.
Uji utiwe tangawizi, la sivyo watadhani nimegoma kula.
Wasininyoe kwa urahisi wao; hata zikibaki nywele tatu,
Ijumaa zipakwe mafuta.
Nyumba iuze ukibanwa. Cherehani, hapana.
Na yule mwanamke wa Blackburn ananidai pauni arobaini;
mlipe hata akisema amesamehe.

Nassoro ni mwanangu pia, najua.
Lakini Calgary ni mbali, na kila nikimpigia husema,
“Fanyeni mnavyoona.”
Sitaki mnavyoona. Nataka nilivyosema.

Kisha kuna kisanduku kile, cha pumzi:
mashine iendelee au izimwe, na nani aseme.
Kalamu ilisimama hapo mpaka chai ikapoa.
Doreen akatazama zulia.
Nimekupa wewe, Saumu.
Si kwa sababu una nguvu; huna, unalia hata kwa harufu ya kitunguu.
Ni kwamba ulipokuwa mdogo, nikikusuka, ulilia pia,
ukalia mpaka kamasi,
lakini kichwa hukukisogeza.

Haya. Jina langu hilo.
Limepinda kidogo pale kwenye herufi ya mwisho, ila ni langu.
Sasa Doreen.
Wewe ngoja wino ukauke,
na uangalie tarehe, mwanangu.
Tarehe kwanza.